Mgunga Ulikuwa Kulia

Kabla hamjanionyesha picha zilizomo kwenye simu zenu, nawaomba mlambe mdomo wa chini. Msicheke. Hivyo ndivyo mimi Ghati nilivyoanza kazi, katika studio ya Fundi Sefu pale Tarime, nyuma ya soko. Siku ya kwanza alinipa kipande cha filamu, akaniambia nikiguse kwa mdomo uliolowa. Upande mmoja uliteleza, upande wa pili ukanata.

"Unaonata ndio wenye dawa," alisema. "Huo ulale juu ya dawa ya karatasi. Ukigeuza, mwenye saa mkono wa kushoto atatoka na saa mkono wa kulia, kisha atakuja hapa kunidai mkono wake."

Fundi Sefu alikuwa mtu wa Tanga aliyekuja huku kwetu kwa miezi miwili, akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Alizungumza Kiswahili cha kupendeza, nasi Wakurya tulimcheka, naye alitucheka zaidi. Kwangu alikuwa baba wa kazi. Wengi walimuuliza mwanamke atafanya nini na kamera, naye aliwajibu kwamba kamera haijawahi kumuuliza swali hilo. Niliipenda sana ile jeuri yake, na kwa bahati mbaya niliichukua yote kabla sijachukua ujuzi wake.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, watu wakiitana ndugu, na filamu ikiadimika kuliko sukari. Filamu moja ilitoa picha kumi na mbili, basi. Nyinyi mnapiga mia mbili za paka mmoja aliyelala. Sisi kila picha tuliijadili kabla ya kuipiga, na wateja walikuwa na sheria zao. Mtu asikatwe miguu. Ukimpiga mtu picha ikaishia magotini, mama yake angekuja kuuliza mwanawe amepatwa na nini. Na picha isiyo na mtu ndani yake haikuhesabiwa kuwa picha. Niliwahi kumwonyesha mteja picha nzuri ya mawingu juu ya milima ya Tarime, akaigeuza nyuma na mbele, halafu akaniuliza kwa huruma: "Huyo mtu alitoka kabla hujapiga?"

Sasa niwaeleze kamera yenyewe, maana kisa changu chote kimo humo. Haikushikwa machoni. Uliivaa shingoni, ikakaa kifuani, ukafungua kifuniko cha juu na kuinamisha kichwa kutazama kioo. Katika kioo hicho uliona kila kitu kimesimama vizuri, isipokuwa kulia na kushoto vimebadilishana. Aliye kulia kwako unamwona kushoto. Studioni haina shida, watu wametulia. Porini ni vita. Nyumbu akikimbia kuelekea kulia, kwenye kioo anakimbia kushoto, nawe ukimfuata kwa kioo unageuza kamera upande asikokwenda. Picha yangu ya kwanza kabisa ya mnyama ina mikia minne na vumbi. Fundi aliitundika ukutani mwaka mzima, na kila mteja alielezwa ni ya nani.

"Mwili ufuate mnyama," alinifundisha. "Kioo kiache kiseme kinavyotaka."

Nililijua somo hilo vizuri. Nataka mlikumbuke hilo mtakapofika huko mbele.

Ilipofika likizo, walimu wa shule moja ya Tarime walipanga safari ya kwenda Serengeti kupumzika na kutazama wanyama. Ilikuwa habari kubwa. Watu wetu waliijua mbuga kwa kazi au kwa mawindo, hawakuijua kwa matembezi. Kutembea kwa ajili ya kutazama tu kulionekana ni mambo ya Wazungu, na walimu walisema hapana, nchi ni yetu, twiga nao ni wetu, twende tukawaone. Wakapata lori, wakapata ruhusa, wakaja kwa Fundi kutafuta mpiga picha. Fundi alikuwa anaumwa mgongo. Akanipa mimi kamera yake, na filamu moja.

Kati ya walimu hao alikuwamo Mwalimu Nyangi, rafiki yangu. Alikuja studioni siku moja kabla ya safari, peke yake, akiwa na ombi. Bibi yake mzaa mama, Bibi Mugesi, alikuwa akiishi Morotonga, karibu na Mugumu. Alizaliwa ndani kule, katika eneo ambalo baadaye lilifanywa hifadhi, na akiwa mama mwenye watoto wakahamishwa. Ilipokuja operesheni ya vijiji akahama tena, akapangiwa nyumba kwenye mstari. Mara mbili alifungasha vyungu vyake. Hilo hakulilalamikia sana. Lililomsumbua ni kwamba mama yake mzazi alizikwa kule, chini ya kilima, karibu na mti mkubwa wa mgunga, bila alama yoyote. Waliopajua walikuwa wamekufa wote isipokuwa yeye, na sasa mtoto wa jicho alikuwa anamfunga macho yote mawili. Alitaka picha ya mahali pale, aweze kuwaonyesha wajukuu kwa kidole kabla hajawa kipofu kabisa.

Fundi alisikiliza, akaniita. "Kumi na moja ni za walimu. Ya kumi na mbili ni ya Bibi. Usiiguse hata simba akija kukuamkia."

Tulipita Nyangoto, tukavuka Mto Mara, tukafika Morotonga kumchukua Bibi. Alikuwa amevaa nguo zake safi, amekaa kwenye kigoda mlangoni, tayari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipapasa mkono mpaka kwenye kamera.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, Bibi."

"Mbona nzito? Inabeba kilima kweli kweli." Akacheka. Tukamweka mbele, karibu na dereva, Marwa, kijana mwenye maneno mengi kuliko injini yake.

Kutoka lango la Ikoma kwenda ndani nilifanya kazi, sina aibu kusema, kama mtu aliyezaliwa kwenye lori. Nisikilizeni hapa, maana haya yanafaa hata kwa simu zenu. Injini lazima izimwe, lori linatetemeka nawe unatetemeka nalo. Bonyeza kitufe wakati unatoa pumzi. Jua likiwa utosini usipige kilima, kitatoka bapa kama chapati. Ngoja lilale ubavuni, kilima kipate mabega. Na kamera ipewe mto wa kulalia. Mimi nilitumia mfuko wa maharage juu ya ubao wa lori, ukakaa vizuri ajabu. Mchana walimu wakaupika. Kuanzia hapo niliegemea bega la mwalimu wa hesabu, mtu mnene na mtulivu, nikapata picha nzuri za pundamilia.

Hata hivyo kila mmoja alitaka awemo. Twiga peke yake hawamtaki, wanataka twiga na Mwalimu Mkuu, viatu vyote vionekane. Mmoja alikuja na redio yake ya mkulima, ile ya betri, apigwe pamoja nayo, nyumbu nyuma. Marwa alidai apigwe akiwa ametoa kichwa dirishani, na tembo kwa mbali, halafu akaomba nimfanye tembo asogee. Nilifika ya kumi na moja kabla jua halijaanza kushuka.

Ndipo tukakuta simba. Dume, manyoya meusi shingoni, amelala juu ya jiwe, mita ishirini tu. Upepo ulikuwa unampuliza, mwanga unatoka ubavuni, kila kitu nilichowaambia kiko pale. Lori zima likaanza kunong'ona, "Piga, piga, Ghati, piga!" Nikatazama kijidirisha chekundu nyuma ya kamera. Kumi na mbili.

"Imebaki moja," nikasema. "Ni ya Bibi."

"Ya kilima!" Mwalimu Mkuu alishindwa kujizuia. "Kilima kinakimbia? Kilima kitakuwepo hata mwakani!"

"Mura, mwache," Marwa akajibu kutoka mbele, akimwita Mwalimu Mkuu kijana kwa Kikurya, na sikutegemea yeye ndiye angenitetea. "Bibi ndiye hatakuwepo."

Bibi Mugesi aliyasikia yote. Simba akaamka, akajinyoosha, akatuangalia kwa dharau, akateremka upande wa pili. Walimu hawakuniongelesha kwa saa nzima, na mimi nilijiona shujaa.

Kufika kwenyewe Bibi ndiye aliyetufikisha. Macho yake yalikuwa yanaona mwanga na kivuli tu, lakini alihesabu makorongo. "Hili la kwanza. La pili lina mchanga, atakwama huyu." Marwa akakwama, tukasukuma. Baada ya korongo la tatu akasema, "Simamisha. Kuna kilima?" Kilikuwepo, cha mviringo, chenye mawe juu, na mgunga mmoja mkubwa chini yake. Askari wa wanyama tuliyekuwa naye alitupa dakika kumi za kuwa chini.

Tulimteremsha. Akavua ndala, akasimama miguu mitupu kwenye majani. Walimu wakamwambia asogee mbele ili awemo kwenye picha, hata wao walikuwa wamelainika.

"Mimi mnanijua," alisema. "Piga pale."

Nikafungua kifuniko, nikainamisha kichwa, na tangu hapo sikukiinua. Nilikuwa na picha moja tu na nilitaka iwe ya kuvunja rekodi. Kivuli cha wingu kilikuwa kinapita juu ya kilima, nikakingoja kipite, macho kwenye kioo. Nikasawazisha mstari wa ardhi. Nikauweka mgunga mahali pake pazuri. Nikatoa pumzi, nikabonyeza. Askari akasema muda umekwisha, nikafunga kamera, nikageuka moja kwa moja kumsaidia Bibi kupanda lori. Dakika kumi nzima nilikuwa mbele ya kilima kile, na sikukitazama kwa macho yangu hata mara moja.

Studioni nilisafisha filamu mwenyewe. Wakati huo hatukutegemea umeme. Tulibana negativu juu ya karatasi ndani ya fremu, tukafungua kijidirisha cha ukutani mwanga wa jua uingie, tukahesabu, tukafunga. Picha ilitoka ndogo, inaenea kiganjani. Nilifanya jaribio la mdomo, nikapanga, nikahesabu mpaka nne, nikaiweka kwenye dawa. Kilima kikapanda polepole kutoka kwenye weupe. Kizuri, mabega yote mawili. Lakini mgunga ulikuwa kulia, na mimi nilikumbuka kabisa kabisa kwamba ulikuwa kushoto. Nilikuwa nimeutazama dakika kumi! Nikajua negativu nimeiweka kinyume. Nikaigeuza, nikatoa nyingine, mgunga ukaja kushoto, moyo ukatulia. Ile ya kwanza nikaitupa.

Fundi alipita, akaitazama. "Mbona imelegea kidogo, haina ukali? Umejaribu mdomo?"

"Nimejaribu. Lakini mdomo haukuwepo porini, Fundi. Mimi nilikuwepo."

Aliniangalia kidogo. "Haya," akasema.

Tulikwenda Morotonga, Nyangi na mimi, tukiwa na picha ndani ya bahasha. Bibi aliishika, akaisogeza jichoni mpaka ikagusa kope. Ikashindikana. Akanirudishia.

"Nisomee."

Nikamsomea. Juu kuna mawe, nikasema, chini majani marefu, mbingu ina mawingu mawili. Alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha.

"Na mgunga uko mkono gani?"

"Wa kushoto, Bibi."

Kichwa kikaacha kutikisika. "Soma tena."

"Uko kushoto."

"Hapo si kwetu. Kwetu ukisimama unatazama kilima, mgunga uko mkono wa kulia, na mama yuko upande wa huku, kilima kinakomalizika."

Na hapa, vijana wangu, ndipo ninapotamani ningenyamaza. Ningesema nitaangalia tena. Badala yake nilimwambia, kwa adabu zote, kwa sauti ile tunayotumia kwa wazee tusiowaamini: "Bibi, ni miaka mingi. Mtu husahau. Kamera haisahau."

"Basi imekwenda kupiga kwa watu wengine," alisema.

Nyangi akaniinamia, akanong'ona kwamba Bibi amezeeka, tusibishane naye. Macho ya Bibi yalikuwa mabovu, masikio hayakuwa. Kisha akasema, polepole, si kwetu, ni kama anajiambia mwenyewe: "Labda ni mimi. Labda macho yameondoka na kichwa." Akaomba aachiwe picha ile, akaiweka chini ya mto.

Nilirudi Tarime na jiwe kifuani, ingawa bado nilikuwa na uhakika kwamba nimeshinda. Nikamsimulia Fundi. Alikuwa anasugua sinia za dawa, akaendelea kusugua.

"Kilima ulikitazama wapi?"

"Pale pale, mbele yangu."

"Sijauliza kilikuwa wapi. Nimeuliza, wewe ulikitazama wapi?"

"Kwenye kioo," nikasema.

Aliweka sinia chini, akatoka nje. Nikaichukua ile negativu, nikalamba mdomo, nikaigusa. Upande unaonata ukilala juu ya karatasi, mgunga ulikuja kulia. Nikakaa kwenye stuli. Nililia, sioni sababu ya kuwaficha. Kukosea picha ni jambo la kawaida, nimekosea nyingi, kuna bwana harusi mmoja wa Sirari ambaye mpaka leo hana kichwa. Nililia kwa sababu nilimfanya mama mzee, asiye na macho, akitilie shaka kitu pekee alichobaki nacho. Na nilifanya hivyo kwa ajili ya kumbukumbu yangu ya dakika kumi, tena ya kwenye kioo.

Nikatoa picha upya. Safari hii ilitoka kali, kila jani lake. Nawaambia mapema ili msisikilize kwa wasiwasi: Mwalimu Nyangi alifika pale miaka mingi baadaye, kwa ruhusa, na watoto wake wakubwa, wakiwa na picha hii mkononi. Mgunga ulikuwa umeanguka, shina limebaki. Walijua pa kusimama.

Lakini siku hiyo nilikuwa sijui lolote la mbele. Niliingia Morotonga peke yangu, nimedandia gari la pamba, vumbi mpaka kwenye meno. Bibi alikuwa kitandani, mchana wote. Majirani waliniambia siku hizi hatoki. Nyangi alikuwa amekuja kumuuguza.

"Bibi, shikamoo. Ni Ghati wa kamera. Nilikosea mimi. Wewe ulikuwa sahihi tangu mwanzo."

Akageuka. "Mgunga uko wapi?"

"Kulia, Bibi."

Alikaa kitako. Akautafuta mkono wangu, akakishika kidole changu cha shahada, akaomba nikiweke kwenye shina la mti katika picha mpya, halafu yeye mwenyewe akakiongoza, kana kwamba mimi ndiye nisiyeona. "Hapa njia ya maji. Hapa boma la baba. Toka kwenye shina, hatua saba, kuelekea kilima kinakomalizika. Hapa. Nyangi, umeona?"

"Nimeona, Bibi."

"Weka kidole chako."

Nyangi akakiweka. Bibi akamwambia arudie maneno yote, akarudia, akamwambia arudie tena. Mara ya tatu Nyangi alikuwa analia lakini hakukosea hata hatua moja.

"Nilikuwa nakwenda kila asubuhi," Bibi aliniambia baadaye, akigusa kichwa chake. "Nakwenda huku ndani, nautafuta mti upande wa kushoto mlikosema. Siupati. Nikajua nimekwisha."

Nilimshika miguu, nikamwomba radhi, akaniinua kwa kunivuta sikio, nami nilistahili. Nyangi akaleta uji. Bibi akasema atakunywa nje, kwenye kigoda chake, jua linapendeza. Tulipokuwa tunamsaidia kusimama akakumbuka jambo, akaingiza mkono chini ya mto, akatoa ile picha niliyoigeuza, imekunjika pembe moja, akanipa.

"Hii chukua. Wapelekee wenyewe, huenda wanakitafuta kilima chao."

Ninayo mpaka leo, iko ukutani, pale Fundi alipotundika mikia minne. Wenyewe sijawapata.